Alizeti Haitaki Mkulima Mmoja

Hotuba hii niliitoa Konde, kaskazini ya Pemba, kwenye mkutano wa wakulima kabla ya mvua za vuli. Wengi siku ile walikuwa mashambani, na wengine wako Unguja na Bara, wakaomba kujua tulizungumza nini. Nimeiandika yote kama nilivyoisema.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wakulima, na nyinyi vijana mliosimama madirishani kwa sababu viti vimekwisha: ahsanteni kwa kuja. Najua kila mmoja ana shamba linalomngoja, basi sitazunguka. Nimekuja kukuombeni jambo moja. Mkiamua kupanda alizeti vuli hii, pandeni pamoja. Na kama kupanda pamoja hakuwezekani, nakushaurini msipande kabisa.

Najua hayo ni maneno mazito kutoka kwa mtu aliyealikwa kuja kuisifu alizeti. Lakini nimeona watu wenye bidii wakiipanda kila mmoja peke yake, kila mmoja wakati wake, kila mmoja mbegu yake, kisha wakasema zao hili halifai Pemba. Zao linafaa. Kilichokosekana ni jirani.

Nianze na swali. Nani humu ndani hajanunua mafuta ya kupikia mwezi huu? Sioni mkono. Haya, nani anajua mafuta aliyonunua yametoka nchi gani? Sioni mkono tena.

Mengi tunayokaangia ni ya mawese, na mawese ya dunia kwa sehemu kubwa yanatoka Indonesia na Malaysia. Alizeti ya dunia, zaidi ya nusu inatoka Urusi na Ukraine. Mnaukumbuka mwaka 2022? Mwezi wa Februari Urusi iliivamia Ukraine, na meli za nafaka na mafuta zikakwama bandarini. Mwishoni mwa Aprili Indonesia nayo ikazuia mafuta ya mawese kutoka nchini mwake, mpaka ilipoyafungulia tena mwezi wa Mei. Sisi hatukuwa na ugomvi na mtu yeyote kati ya hao. Lakini bei ya dumu la mafuta ilikuwa haishikiki, na mama anayekaanga maandazi alfajiri ili mtoto wake apate nauli ya skuli ndiye aliyelipa.

Wazee wangu mtaniambia, sisi tuna mnazi. Ni kweli, tunao, na mchuzi wa pweza bila ya tui sijui unaliwaje. Siji kuuondoa mnazi. Siji kuuondoa mkarafuu wala muhogo. Mtu asikate mkarafuu kwa ajili ya alizeti, nasema haya mbele ya Sheha ili yasije yakageuzwa. Ninachosema ni kwamba kuna vipande vya ardhi baina ya hivyo vyote, vinalala bure tangu tumalize kunde mpaka masika irudi, na kipande kama hicho kinaweza kukupatia dumu la mafuta la jikoni kwako.

Wengine wanasema ni zao la wageni, la Singida na Dodoma huko, la watu wa nchi kavu. Jamani, lipi letu halikuwa la wageni? Muhogo umetoka Amerika. Mahindi yametoka Amerika. Alizeti nayo imetoka huko huko, Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji waliifuga kutoka porini zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Karafuu yenyewe, fahari yetu, asili yake ni visiwa vya Maluku, na ilifika Zanzibar karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu.

Hebu tutazame jinsi tunavyoishi na huo mkarafuu. Nani anachuma karafuu peke yake? Msimu ukifika watoto wanapanda, mama wanakusanya, wageni wanatoka vijiji vingine, na usiku watu wanakaa barazani kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka macho yanafumba. Hakuna aliyekuja na semina kutufundisha. Tulijua wenyewe kwamba karafuu ikikawia mtini inafunguka na kuharibika, na mkono mmoja hauwahi. Alizeti inataka ujuzi huo huo tulio nao.

Sasa tuje kwa ndege, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Kuna kijana mmoja, simtaji, ni wa upande huu huu wa kaskazini. Alipanda robo eka ya alizeti katikati ya mihogo. Alilima vizuri, alitia samadi, alipalilia, akapunguza miche kwa wakati. Vichwa vilitoka upana wa sinia ndogo. Watu walikuwa wakipita wanapiga picha. Punje zilipoanza kujaa, tetere wakaja. Wakaja chiriku na minana. Wakaja kasuku, na kasuku mnawajua, mmoja akitulia juu ya kichwa haondoki mpaka amekimaliza. Kijana akajenga dungu, jukwaa la kukaa juu, akawa anaamia, yaani anafukuza ndege, tangu alfajiri mpaka magharibi, peke yake, na kopo na kamba. Mke wake alikuwa mzazi, ametoka kujifungua, ndugu zake wako Mombasa. Siku ya Ijumaa akashuka kwenda kuswali. Aliporudi alikuta maganda yametapakaa chini ya mashina, na vichwa vya upande mzima viko wazi kama masega yaliyonyonywa asali. Ndege hawana Ijumaa, ndugu zangu.

Nakuulizeni: kosa la kijana yule lilikuwa nini? Mimi silioni. Hakufanya uvivu. Alikuwa na shamba moja la alizeti katika eneo zima, basi ndege wa eneo zima walikuwa na pahala pamoja pa kwenda.

Fikirini sasa. Ndege wa Konde ni hao hao. Hawaongezeki kwa sababu wewe umepanda. Wakiwa na shamba moja, watalimaliza. Wakiwa na mashamba 30 yaliyokomaa wiki moja, watakula hapa kidogo, watakula pale kidogo, na kabla hawajashiba nyinyi mmeshavuna. Wakulima wa mpunga mnalijua hili kuliko mimi. Bonde likipandwa pamoja, anayeumia ni yule wa kwanza kuiva na yule wa mwisho. Kwa hiyo nasisitiza: wiki moja. Si mwezi mmoja. Wiki moja ya kupanda, mbegu ya aina moja, ili kukomaa kuwe kumoja. Na zamu za kuamia zigawanywe, huyu leo, yule kesho, ili siku ya Ijumaa, siku ya msiba, siku ya harusi, dungu lisikae tupu.

Kuna mengine madogo yanayosaidia. Usipande chini ya miembe au miti mikubwa, maana hapo ndipo ndege wanapotua kuchungulia. Chagueni mbegu ambayo kichwa chake kikikomaa kinainama, kwa sababu ndege anapata tabu kula kichwa kilichotazama chini. Na msingoje kichwa kikauke shambani mpaka kiwe cheusi. Mgongo wa kichwa ukishageuka kutoka kijani kuwa manjano, na vile vijani vinavyokizunguka vikaanza kuwa kahawia, kata, peleka nyumbani, anika juu ya turubai. Kila siku unayokiacha shambani baada ya hapo unamlisha kasuku.

Nimekuja na kichwa kimoja, naomba kizunguke kuanzia kwa mama zangu huku kushoto. Kitazameni kwa karibu, msikipitishe haraka. Wengi tunadhani hili ni ua moja. Si ua moja. Haya majani ya manjano ya pembeni kila moja ni ua lake, lakini halizai, kazi yake ni kuita wadudu. Hapa kati kuna vijiua vidogo vidogo, kichwa kikubwa kinaweza kuwa navyo zaidi ya 1,000, na kila kimoja kikichavushwa kinatoa punje moja. Tazama pembeni: vijiua hivi vimeshafunguka na kunyauka. Ingia ndani kidogo: hivi vimefunguka, vina unga wa manjano, ukigusa unabaki kidoleni. Ingia katikati kabisa: bado vimefumba. Vinafunguka mduara kwa mduara, kutoka nje kwenda ndani, kwa siku kadhaa, wiki moja hata zaidi. Mama zangu, mkitaka kumjua ndugu yake, chukueni mchunga mnaoupika kwa tui. Kile kiua chake cha manjano kimejengwa hivi hivi, vijiua vingi vilivyokaa pamoja. Ni ukoo mmoja, na saladi imo, na pareto imo.

Kwa nini nawachosha kwa haya? Kwa sababu siku hizo vijiua vinapofunguka ndizo zinazoamua kama utavuna punje au utavuna mapepe, maganda yasiyo na kitu ndani. Na mwenye uamuzi ni nyuki.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza jambo zuri sana kuhusu mmea huu. Alizeti changa hulifuata jua, asubuhi inatazama mashariki, jioni magharibi, na usiku inajirudisha mashariki kulingoja tena. Ikishakomaa inaacha kugeuka, inabaki imetazama mashariki. Watafiti wale wakachukua baadhi ya mimea wakaigeuza itazame magharibi. Waliona nini? Vichwa vilivyotazama mashariki vilipata joto mapema asubuhi, na vilitembelewa na wadudu wachavushaji mara tano zaidi. Subhanallah. Mmea umepangiwa uwe na joto saa ile nyuki anapotoka mzingani.

Basi sisi tunamfanyia nini huyo nyuki? Mwenye shamba la mchicha hapa anapiga dawa ya wadudu saa tatu ya asubuhi, jua limetoka, upepo unavuma kwenda kwa jirani. Nyuki anakufa. Mwenye mchicha hajui alichokiua, na mwenye alizeti hajui kwa nini vichwa vyake vimejaa mapepe. Hapa tena, mkulima mmoja hawezi kitu. Unaweza kuacha dawa wewe, lakini nyuki wako anaruka mpaka kwa mwenzako. Inabidi tukubaliane: katika siku za maua hakuna anayepiga dawa ya wadudu katika eneo lote, na ikiwa lazima kabisa kwa mboga, iwe jioni nyuki wamesharudi, na majirani waambiwe kabla.

Na wafuga nyuki wetu, nyinyi mnaotundika mizinga kwenye mikandaa, namuona mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Tunakuhitajini. Leteni mizinga michache karibu na mashamba alizeti inapochanua. Asali ni yenu, punje ni zetu. Hakuna wa kumlipa mwenziwe.

Sasa upandaji wenyewe. Hapa nitakwenda mbio kwa sababu nyinyi ni wakulima.

Wakati ndio muhimu. Msipande mwanzo wa masika. Ukipanda mwezi wa Machi, inachanua Mei, mvua zinamwagika, nyuki hawatoki, maji yanakaa juu ya vichwa, vinaoza. Wapo wanaopanda mwisho wa masika ili ikomae wakati wa ukavu, na inawezekana, lakini upepo wa kusi unailaza, inabidi uipandishie udongo shinani mapema. Mimi napendelea vuli. Mvua za kwanza za Oktoba zikishalowesha ardhi, panda. Mwanzo wa maisha yake inapata mvua, na inapokomaa, Januari mpaka Februari, kaskazi inavuma na jua ni la kuanikia.

Ardhi: msipeleke bondeni maji yanapotuama. Alizeti ina mzizi mkuu unaoshuka chini sana kutafuta maji, ndiyo maana inavumilia ukame, lakini ukiukalisha mzizi huo ndani ya maji unakufa. Kwenye mawe matupu nako mzizi hauna pa kushuka. Vilima vyetu vyenye udongo wa kina, hapo ndipo.

Mstari na mstari sentimita 75, shina na shina sentimita 30. Punje mbili au tatu kila shimo, kina cha sentimita 3 mpaka 5, ikishaota unabakisha mche mmoja. Najua kung'oa mche mzima kunauma roho. Ung'oe. Mashina matatu yaliyobanana yanatoa vichwa vitatu vidogo visivyo na kitu. Kilo 2 za mbegu zinatosha eka moja. Palizi wiki za mwanzo, kabla majani hayajafunika ardhi. Na mwaka wa pili usirudie pahala hapo hapo, weka kunde au choroko, magonjwa yasije yakakaa.

Kuhusu mbegu. Ziko chotara, zinazaa vizuri lakini kila msimu unanunua upya. Na ziko kama ile ya Record, iliyolimwa Bara miaka mingi, ambayo unaweza kuweka punje za kupanda mwakani. Kwa kuanzia mimi naona tuchukue hii ya kuweka. Lakini mkumbuke nyuki hana mpaka: jirani akipanda aina nyingine, zinachanganyika, na mbegu uliyoweka si ile uliyoipanda. Mnaona tunarudi pale pale? Hata kuweka mbegu safi kunamhitaji jirani.

Jambo la mwisho ni mashine, na hapa nina kisa cha mbali.

Alizeti ilifika Ulaya karne ya 16, ikiletwa na Wahispania. Kwa muda mrefu ilikuwa ua la bustani na punje za kutafuna. Huko Urusi, katika kijiji cha Alekseyevka, alikuwapo mkulima aitwaye Daniil Bokaryov. Huyu alikuwa mtwana, ardhi na jasho lake ni mali ya bwana. Mwaka 1829 akachukua punje za alizeti akazikamua kwa mashine ya mkono, akapata mafuta mazuri ya kula. Miaka michache tu baadaye kijiji kilikuwa na kinu cha kukamulia, na alizeti ikaenea mashambani kote. Baadaye, kuanzia 1912, mtaalamu Vasily Pustovoit akaanza kuchagua mbegu huko Krasnodar, mwaka hadi mwaka, mpaka punje ambazo mafuta yake hayakuzidi theluthi moja zikafika karibu nusu. Lakini mtazameni huyu wa mwanzo. Ua lilikuwapo, wote walikuwa wakiliona. Lilipopata kinu karibu ndipo lilipokuwa zao.

Sisi je? Mwenye polo moja la punje afanye nini? Akodi gari mpaka kwenye mashine, nauli itakula mafuta yote. Mwenye mashine naye hawezi kuja Konde kwa polo moja. Lakini pigeni hesabu. Mkulima anayetunza shamba lake kilo 300 mpaka 400 kwa eka si ndoto. Mashine ndogo inakupa lita moja kwa kilo 4 au 5. Maana yake robo eka ni dumu moja la lita 20 kwa mwaka, kwa kadiri. Watu 40 wenye robo eka ni eka 10, kilo 3,000 na zaidi. Hapo mashine inakuja yenyewe, au tunainunua kwa ushirika na inakaa hapa.

Na mashudu, yale makapi yanayobaki punje zikishakamuliwa, msiyatupe. Kuna mama mmoja nilimkuta anayamwaga kwenye shimo la taka. Nikamwambia, mama yangu, hicho ndicho chakula ng'ombe wako anachokililia. Alianza kuyachanganya na majani jioni, kidogo kidogo. Baada ya muda aliniambia sasa anakamua maziwa ya kumpa na jirani. Kuku pia wanayataka.

Mafuta yenyewe yakitoka mashineni yaacheni yatulie siku kadhaa, yachujeni kwa kitambaa safi kikavu, yakae gizani ndani ya chombo kilichofungwa. Jua linayavundisha.

Mtaniuliza, soko liko wapi? Karafuu ina mnunuzi anayejulikana, alizeti haina. Nakujibuni kwa moyo mweupe: mwaka huu siwaahidi soko. Sitaki mtu aondoke hapa anahesabu shilingi. Soko la kwanza ni jiko lako. Dumu lile unalonunua, usilinunue. Likishapatikana la nyumbani kwa watu 40, la ziada tutalizungumza tukiwa tunalo mkononi.

Kwa hiyo tufanye hivi. Wanaotaka kuingia waandikishe majina kwa Sheha kabla ya Ijumaa ijayo. Jumamosi baada ya swala ya laasiri tukutane hapa hapa. Kila mmoja aje na ukubwa wa kipande chake na jina la jirani wa kulia na wa kushoto waliokubali kupanda naye. Ambaye majirani zake wamekataa, aje hivyo hivyo, tutamtafutia kipande karibu na wenziwe. Siku hiyo tutachagua wiki ya kupanda, aina ya mbegu, na watu watatu wa kupanga zamu za madungu. Wafuga nyuki na wenye mashamba ya mchicha nawaomba msikose, hata kama hampandi.

Sasa maswali. Tuanze na mama zangu mliokaa nyuma, na kile kichwa kikishawafikia, kitazameni vizuri kabla ya kukirudisha.